Sindano ya kinga kabla ya upasuaji wa tumbo: tumnunulie mama?

Swali: Daktari, mama yetu ana miaka 61 na ana kisukari. Amepatikana na saratani ya utumbo mpana na atapasuliwa hapa Nairobi baada ya wiki tatu. Amekonda sana. Jirani yetu wa Umoja alipasuliwa tumbo mwaka jana, akaonekana anapona, kisha siku ya sita tumbo likajaa usaha na akafariki. Binamu yetu aliye Marekani anasema kuna tiba ya kuongeza kinga inayozuia jambo hilo. Hapa mjini kuna mtu anatuuzia unga wa uyoga na hamira kwa shilingi 8,500 chupa moja, na kliniki fulani inatoa "sindano ya kinga" kwa shilingi 25,000. Tumeanza kuchanga. Tununue ipi?

Jibu: Dada yangu, pole kwa jirani, na pole kwa hofu mnayolala nayo. Msinunue chupa wala sindano. Lakini endeleeni kuchanga, kwa sababu pesa hizo zina kazi katika wiki hizi tatu, na nitakwambia kazi yenyewe ni ipi.

Nianze na kilichomuua jirani yenu, maana usipokielewa hutaona kwa nini chupa haiwezi kukizuia. Sikumtibu, lakini habari uliyoieleza naijua vizuri. Utumbo mpana ndio ghala la bakteria mwilini. Gramu moja tu ya kinyesi inaweza kubeba bakteria wafikao bilioni mia moja. Wakiwa ndani ya utumbo hawana neno, tena wengine wana faida. Mpasuaji anapokata kipande chenye saratani na kuunganisha ncha mbili zilizobaki, mama anategemea mshono ule wa ndani ushike. Ukiachia hata tundu dogo, kinyesi kinamwagika mahali pasipotakiwa kuwa na mdudu hata mmoja. Mara nyingi hilo hutokea kati ya siku ya tatu na ya saba, wakati ambapo maumivu ya kisu yamepungua, mgonjwa ameanza kunywa uji, na nyumbani watu wameshashukuru Mungu.

Mwili haukai kimya. Ukinunua matumbo buchani umewahi kuona ule utando wa mafuta kama wavu. Sisi nasi tunao, unaning'inia mbele ya utumbo, na mpasuaji Mwingereza Rutherford Morison aliuita polisi wa tumbo, kwa sababu mahali penye tundu au usaha huenda ukajibandika na kuziba. Ndani ya tumbo kuna pia seli za kinga zinazomeza bakteria, na mara chembe nyeupe za damu hufurika kuja kusaidia. Kama uchafu ni kidogo, bakteria hushindwa vita hiyo, au hufungiwa ndani ya jipu ambalo tunaweza kulitoa kwa mrija. Kama uchafu unaendelea kumwagika, hakuna jeshi linalotosha. Sumu huingia kwenye damu, presha inashuka, figo zinaacha kutoa mkojo. Hiyo ndiyo sepsisi.

Ukilielewa hilo, umeelewa sehemu kubwa ya jibu langu. Bomba likipasuka chini ya sinki, unafunga maji kwanza, halafu ndipo unatafuta tambara la kupangusia. Kinga ya mwili ndiyo tambara. Ni lazima iwepo, na iwe imara, lakini haizibi bomba.

Sasa, binamu yenu hakutunga hadithi. Wazo hilo lina mizizi ya kweli na wataalamu wamelifuata kwa miaka mingi. Upasuaji mkubwa wenyewe hushusha kinga. Baada ya saa chache za kisu, damu na nusukaputi, chembe za damu ambazo kazi yake ni kumtambulisha adui kwa wenzake hulegea kwa siku kadhaa, na kwa mtu mwenye kisukari aliyekonda hulegea zaidi. Kwa hiyo swali la kisayansi lilikuwa zuri kabisa: tukiziamsha mapema, je, tutaokoa watu?

Mfano unaonigusa zaidi ni wa Dennis Kasper na wenzake wa Harvard. Walichunguza bakteria aitwaye Bacteroides fragilis, mmoja wa wanaopatikana sana kwenye majipu ya tumbo. Waligundua kwamba sukari iliyo kwenye ganda lake inatosha yenyewe kusababisha jipu kwenye tumbo la panya. Kisha wakaona jambo la ajabu: panya waliopewa sukari hiyo hiyo mapema, chini ya ngozi, walikingwa dhidi ya jipu. Kazi hiyo ilifundisha dunia mengi kuhusu jinsi bakteria wa utumboni wanavyozungumza na kinga yetu. Hata hivyo, haijawa chanjo ya kumchoma mgonjwa anayeingia thieta.

Kuhusu hamira na uyoga, hapo ndipo muuzaji wenu alipookota maneno yake. Ndani ya ganda la hamira na la uyoga mna kitu kiitwacho beta-glukani, na ni kweli kinaamsha chembe nyeupe. Kiliwahi kusafishwa kikatengenezwa kuwa dawa ya kuingizwa kwenye mshipa, na miaka ya 1990 ikajaribiwa Marekani kwa zaidi ya wagonjwa elfu moja waliokuwa wakipasuliwa tumbo. Kulikuwa na dalili za matumaini kwa baadhi yao, wale ambao upasuaji wao haukuwa wa utumbo mpana. Lakini kwa jumla haikuthibitika kuwa kinga, na waliolazimika kuacha kwa sababu ya madhara walikuwa wengi zaidi miongoni mwa waliopewa dawa hiyo kuliko waliopewa dawa bandia. Hiyo ilikuwa dawa safi, ya kipimo kinachojulikana, ikiingizwa kwenye damu na madaktari. Unga wa chupa ya shilingi 8,500 hauna hata hayo.

Sindano ndiyo inayonitia hofu zaidi. Umeniandikia "sindano ya kinga" bila jina la dawa, na nadhani ni kwa sababu hamkuambiwa jina. Zipo sindano halali zinazopandisha chembe nyeupe. Tunazitumia kwa wagonjwa wa saratani ambao dawa za kemotherapi zimeziua chembe hizo. Zilipojaribiwa kwa watu wenye maambukizi makali ambao chembe zao hazikuwa zimepungua, hazikupunguza vifo. Na kuichochea kinga si mchezo usio na hasara. Kulikuwa na chanjo dhidi ya bakteria wa stafilokoka, iliyojaribiwa kwa wagonjwa waliokuwa wakipasuliwa kifua. Mwaka 2011 jaribio likasimamishwa. Chanjo haikuzuia maambukizi, na miongoni mwa waliopata maambukizi ya stafilokoka, waliochanjwa walikufa kwa wingi kuliko wasiochanjwa. Wale walikuwa watafiti makini, wenye kamati ya kuwasimamia. Kliniki inayomchoma mama yako kitu kisicho na jina haina hata wa kuhesabu nani amekufa.

Labda utaniuliza juu ya BCG, ile chanjo ya kifua kikuu iliyotuachia alama kwenye mkono wa kushoto tangu utotoni. Imeonyesha kwamba kinga ya kwanza ya mwili inaweza kufundishwa na kukumbuka, na madaktari wa kibofu huitumia kutibu saratani. Mimi mwenyewe hufuatilia utafiti huo kwa hamu kubwa. Iwapo siku moja utazaa dawa ya kumkinga mgonjwa wa tumbo, nitakuwa wa kwanza kuiomba hospitalini. Kwa upasuaji wa mama baada ya wiki tatu, haipo.

Basi tuje kwenye yaliyopo, na yana nguvu kuliko watu wanavyodhani.

Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti wa zaidi ya wagonjwa 12,500 waliopasuliwa tumbo katika nchi 66. Maambukizi ya sehemu iliyopasuliwa yalikuwa asilimia 9.4 katika nchi zilizoendelea, na asilimia 23.2 katika nchi zilizo chini kabisa kimaendeleo. Tofauti hiyo haitokani na damu ya Mwafrika kuwa na kinga dhaifu. Inatokana na vitu kama maji, glavu, saa ya kutoa dawa, na mgonjwa kufika akiwa amechelewa. Hivyo vinarekebishika, na hapa karibu na sisi pameonyeshwa. Katika hospitali ya Thika, zamani karibu kila mgonjwa alipewa antibayotiki baada ya upasuaji, kwa siku kadhaa. Watafiti na wafanyakazi wa hospitali wakabadilisha utaratibu: dawa itolewe kabla ya kisu kugusa ngozi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Maambukizi ya juu ya kidonda yalipungua, na gharama pia. Dawa zilezile, wauguzi walewale, saa tu ndiyo iliyobadilika. Mwaka 2022, utafiti mwingine katika nchi saba, zikiwemo Rwanda, Nigeria, Ghana na Benin, ulionyesha kwamba timu ikibadilisha glavu na vifaa kabla ya kufunga tumbo, maambukizi hushuka kutoka asilimia 18.9 hadi 16. Glavu mpya! Hakuna chupa ya mjini iliyowahi kufanya hivyo.

Kwa hiyo mkienda kliniki ya upasuaji, muulizeni daktari kwa heshima, bila woga. Je, mama atapewa antibayotiki ndani ya saa mbili kabla ya kupasuliwa? Je, atasafishwa tumbo na kupewa vidonge vya antibayotiki vya kumeza siku ya kabla, maana Shirika la Afya Duniani linashauri viwili hivyo viende pamoja kwa upasuaji uliopangwa wa utumbo mpana? Daktari mzuri hatakasirika. Mimi hufurahi nikiulizwa, kwa sababu najua nyumba hiyo itanisaidia. Na jioni ile mama aoge vizuri kwa sabuni, wala asinyolewe tumbo kwa wembe nyumbani. Wembe huacha mikwaruzo ambayo bakteria hujificha.

Sukari ndiyo kazi kubwa ya wiki hizi. Sukari ikiwa juu, chembe nyeupe hutembea polepole na kumeza vibaya, na mshono unapona kwa taabu. Kama kuna kitu cha kuitwa tiba ya kuongeza kinga kwa mama yako, ni hiki. Pimeni kila siku, asubuhi na baada ya chakula, mwandike kwenye daftari. Wakati wa upasuaji na siku zinazofuata tunataka isizidi takriban 11 (mmol/L), na ikiwa sasa inacheza 15 au 18 nyumbani, msisubiri wiki tatu ziishe. Rudini kliniki wiki hii abadilishiwe dawa. Nimewahi kuahirisha upasuaji wa mzee mmoja aliyefika na sukari ya 19. Familia ilikuwa imemnywesha kwa siku kumi dawa ya kinga iliyokorogwa kwa asali, vijiko vitatu kwa siku, kwa mapenzi tu. Ilinichoma moyo kuwaambia.

Kisha chakula, na hapa naomba uniwie radhi nikae kidogo, kwa sababu ndipo pesa zenu zitakapofanya kazi. Mtu aliyekonda kwa saratani amekula misuli yake mwenyewe, na chembe za kinga hutengenezwa kwa protini ileile inayotengeneza misuli. Tunalenga gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Tuseme mama ana kilo 52: anahitaji kama gramu 62 hadi 78. Mayai mawili ni gramu 12. Glasi mbili za maziwa ni 16. Kipande cha kuku au samaki cha gramu mia moja baada ya kupikwa kinakaribia 27. Bakuli la ndengu ni kama 14. Hapo umefika 69, na hakuna kitu kati ya hivyo ambacho hakipo Umoja. Omena nao ni protini tupu kwa bei ya chini. Kama hawezi kula sahani kubwa, mpeni kidogo mara sita kwa siku, na uji wake muukoroge kwa maziwa badala ya maji, bila sukari.

Tahadhari mbili. Kama uvimbe umebana utumbo hadi choo kinatoka kama uzi au tumbo linafura, msimpe ndengu, maharagwe wala sukuma wiki kabla ya kumuuliza daktari wake. Abaki kwenye mayai, samaki laini, maziwa na mtindi. Na kama kisukari kimeshagusa figo, kiasi cha protini kipangwe na mtaalamu wa lishe.

Vipo vinywaji maalumu vya lishe vyenye arginini, mafuta ya omega-3 na nukleotidi, ambavyo hunywewa siku tano hadi saba kabla ya upasuaji mkubwa wa saratani ya tumbo. Hivi ndivyo vinavyokaribia zaidi kile binamu yenu alichokisikia, na tofauti na unga ule, vimejaribiwa kwa wagonjwa kama mama na vinaonyesha kupunguza maambukizi. Shirika la Afya Duniani linashauri vifikiriwe kwa wagonjwa waliokonda wanaoingia upasuaji mkubwa. Ni ghali, na vingine vina sukari. Muulizeni mtaalamu wa lishe wa hospitali mahali mama atakapopasuliwa. Akisema vinamfaa, hapo toeni pesa ya mchango bila kusita. Akisema hapana, kuku na mayai vinatosha.

Kuna jambo moja ambalo familia nyingi hulikataa kwa aibu, nami nalisema kwa upendo. Kama saratani iko chini, karibu na njia ya haja kubwa, daktari anaweza kupendekeza kutoa sehemu ya utumbo nje ya ngozi ya tumbo kwa miezi michache, choo kiingie kwenye mfuko, ili mshono wa ndani upone bila kupitiwa na kinyesi. Ndiko kufunga maji kwenyewe. Mshono ukiachia kidogo wakati huo, mara nyingi mgonjwa haingii kwenye sepsisi. Baadaye hurudishwa ndani. Nimeona watoto wakimkatalia mama yao mfuko huo kwa sababu ya watu watasema nini. Mkiambiwa, msikilizeni daktari mpaka mwisho kabla ya kujibu.

Na sasa siku zile za hatari. Utafiti mkubwa wa upasuaji uliofanywa katika nchi 25 za Afrika na kuchapishwa mwaka 2018 uligundua kwamba wagonjwa wetu walikufa mara mbili ya wastani wa dunia, ingawa walikuwa vijana zaidi, na kwamba zaidi ya 9 katika kila 10 waliofariki walifariki baada ya siku ya upasuaji. Si mezani thieta. Walifariki wodini, pale ambapo muuguzi mmoja anaangalia vitanda vingi. Kwa hiyo ninyi mtakaokuja saa ya kuona wagonjwa, mchana na jioni, msije na soda na maombi peke yake. Wekeni vidole kwenye kifundo cha mkono wa mama na mhesabu mapigo dakika nzima. Yakizidi 100 ametulia kitandani, kuna jambo. Hesabuni pumzi, zikizidi 22 kwa dakika, kuna jambo. Tazameni kama amekuwa mzito wa kujibu au anataja majina ya watu wasiokuwepo, kama tumbo limekaza na kufura, kama ameanza kutapika baada ya kuwa anakula, kama bega linamuuma bila sababu, kama mkojo kwenye mfuko ni kidogo na mweusi. Msingojee homa. Mtu wa umri wake mwenye kisukari anaweza kuwa na usaha tumboni na asipate joto kabisa.

Mkiona hayo, mwambieni muuguzi hivi: "Sista, mapigo ya mama ni 118 na yalikuwa 84 jana, tunaomba daktari amwone sasa." Namba inasikika kuliko kilio. Kuna kipimo cha damu kiitwacho CRP, kinachopanda mwili unapopambana na maambukizi. Kikizidi takriban 150 kati ya siku ya tatu na ya tano, wapasuaji wengi hutaka picha ya CT ya tumbo kabla ya kumruhusu mgonjwa aende nyumbani. Huenda mkahitajika kulipia kipimo au picha hiyo haraka, usiku, na hapo ndipo zile 25,000 zingekuwa zimeshaliwa na sindano. Angalieni pia kwamba michango ya mama ya SHA, bima ya afya ya taifa, imelipwa mapema, isije ikawa siku ya shida ndiyo siku ya kupanga foleni. Mshono ukiwa umeachia, tiba ni kurudi kufunga chanzo na kutoa uchafu, kisha antibayotiki. Kila saa inayopita ina uzito. Akisharuhusiwa, ulinzi huo uendelee siku 30, na dalili ikirudi msipitie duka la dawa kununua vidonge vya maumivu. Rudini moja kwa moja kwa waliompasua.

Mwisho, huenda muuzaji ameshawapa unga kidogo wa kuonja. Kama mama ameutumia, hata kijiko kimoja, mwambieni daktari wa nusukaputi kabla ya siku ya upasuaji na mpeleke chupa yenyewe. Baadhi ya unga wa aina hiyo hukutwa umechanganywa na dawa za steroidi, ambazo hupandisha sukari na kuchelewesha kidonda kupona, na mitishamba mingine hufanya damu isigande vizuri. Hamtagombezwa. Tunataka tu kujua kilichomo ndani ya mama kabla hatujamlaza.